Pima upana wa mkato kabla ya kukata kazi

Walimu wa ufundi wenye mashine ya kukata kwa leza karakanani: msianze na kibao cha jina. Kinapendeza, ila hakimfundishi mwanafunzi kupima.

Mwalike achore mstatili uliogawanywa vipande 10 kwa mistari 11 sambamba (miwili ya mwisho ikiwa kingo zake), aukate kwenye plaiwudi ya mm 3, kisha avisukume vipande vyote upande mmoja ndani ya fremu yake, yaani tundu lililobaki kwenye plaiwudi. Apime pengo linalobaki kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo), agawanye kwa 11. Jibu ndilo upana wa mbao inayoliwa na mwali wa leza kwa kila mkato, mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Sasa achore kiungo cha meno, yaani vipande viwili vyenye meno yanayoingiana, akiufidia upana huo. Kikikaza bila gundi, ameelewa. Ukibadilisha mbao, unene au kasi, kipimo kirudiwe.

Michoro ya kwanza ijaribiwe kwenye kadibodi. Ni rahisi, ingawa hushika moto upesi, kwa hiyo mtu asiiache mashine peke yake. Plastiki ya PVC isiingie kabisa: hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na kutia mashine kutu.