Namna ya Kuchunguza Elimu ya Watoto wa Manamba katika Mashamba ya Mkonge ya Tanga

Anayetaka kujua watoto wa manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, walisomaje wakati wa utawala wa Mwingereza huko Korogwe, Muheza na Pangani asianze na majalada ya elimu, bali aanze na kazi. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji watu wengi kuliko waliopatikana jirani, na kwa miaka mingi vibarua walitafutwa Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wengi wao wakija bila wake zao. Kwa hiyo, kwa kila shamba, uliza kwanza kama watoto walikuwapo, walianza kuonekana lini, na wazazi wao walikaa kwa muda gani.

Muda huo una uzito mkubwa. Shule ya msingi ya Mwafrika ilikuwa na madarasa manne, yaani miaka minne ya kukaa mahali pamoja, ilhali baba aliyeletwa kwa mkataba angeweza kurejeshwa kwao mtoto akiwa bado anajifunza kusoma. Nina hakika kwamba hesabu hii, hata pasipo kusoma hotuba yoyote ya gavana, inaeleza mengi kuhusu waliokosa elimu.

Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba majalada ya Jimbo la Tanga na ripoti za Idara ya Kazi. Idara hiyo iliundwa mwaka 1926 ikafutwa mwaka 1931, hivyo kwa miaka iliyofuata tegemea zaidi taarifa za maofisa wa wilaya. Kuanzia mwaka 1944 fuatilia pia habari za Silabu, ofisi ya wakulima wa mkonge iliyoajiri na kusafirisha vibarua. Ripoti ambazo Uingereza ilizipeleka kila mwaka kwa Shirikisho la Mataifa huko Geneva zina sehemu za kazi na za elimu; zisome sehemu zote mbili za mwaka mmoja kwa pamoja. Mtoto asiyeonekana upande wa elimu huenda akaonekana upande wa kazi, amehesabiwa miongoni mwa vibarua watoto, na huo ni ushahidi mzito ambao haustahili kuachwa kwenye tanbihi.

Angalia pia vitabu vya misheni, kama ile ya Magila karibu na Muheza, na usivisahau vyuo vya Kurani, ambavyo watawala mara nyingi hawakuvihesabu kuwa shule.

Kisha nenda kwa wazee, na hapa usiwe na haraka. Mwamkie mzee ipasavyo, eleza unatoka wapi, wala usimwite manamba kabla yeye mwenyewe hajajiita hivyo, kwa sababu jina hilo liliwaumiza wengi. Usimwulize kama alisoma, maana swali hilo humtia mtu aibu na kumfunga mdomo. Muulize, "Bibi, baba alipokwenda kukata mkonge alfajiri, wewe ulibaki na nani, na mlifanya nini hadi jioni?" Majibu hayo yaandike kwa maneno yake, kisha mwulize baba alijaza vipande vingapi, yaani kadi za kuhesabia siku za kazi, kabla ya familia kuhama, na ulinganishe jibu hilo na miaka ya shule iliyokuwa karibu na kambi yao.