Unanunua nyumba ya kwanza pembezoni mwa Dar? Maliza kazi hizi kabla dalali hajakupigia

Kama unatafuta nyumba yako ya kwanza huku Goba, Madale, Mbezi, Bunju au ng'ambo Kigamboni, hii lazima ushakutana nayo. Dalali anakutumia picha asubuhi WhatsApp, nyumba ya vyumba vitatu, fensi ipo, kisima kipo, bei inaugusa mfuko wako, unamwambia poa nakuja Jumamosi, anakujibu bosi Jumamosi mbali, kuna mama anakuja leo saa kumi na hela yake mkononi. Presha inapanda. Na tabu ni kwamba mara nyingine anasema kweli, nyumba nzuri yenye karatasi safi huku haikai sokoni.

Mimi nyumba ya kwanza niliyoipenda ilikuwa Goba na niliikosa. Hela nilikuwa nayo ila imelala kwenye akaunti ya muda maalumu, wakili sina, mke wangu hata hajaiona, mpaka tunajikusanya siku ya tisa mwenye nyumba kashapokea hela ya mtu mwingine. Uchungu ule ukanifanya ile ya pili niikimbilie. Ilikuwa Kigamboni, na jioni ile ile nilikuwa nataka kutoa advansi ya milioni 5, kilichoniokoa ni jirani mmoja aliyeniuliza taratibu tu, kaka, na wale ndugu zake wengine wamekubali? Kumbe ni nyumba ya marehemu baba yao, watoto wanne, anayeuza ni mmoja, na mirathi haijafunguliwa mahakamani. Niliondoka pale miguu haina nguvu.

Kwa hiyo ninachokwambia ni hiki: kazi kubwa ya kununua nyumba ifanye kabla hujaiona nyumba yenyewe, ili ikitokea ubaki na mambo machache ya kuhakikisha, na hayo machache usiyaruke hata ukiambiwa kuna mtu yuko njiani na begi la hela.

Anza na hela. Bei unayotajiwa haiishii pale. Kuna dalali (kubalianeni asilimia yake siku ya kwanza kabisa, tena kwa meseji, wengine wanataka mpaka asilimia 10), kuna wakili, kuna mthamini, kuna ushuru wa stempu asilimia 1, yani nyumba ya milioni 80 hiyo peke yake ni laki nane. Halafu ukishaingia ndani unakuta pampu ya kisima imekufa, madirisha mawili hayana grili, karo limejaa. Mimi nashauri kila milioni 10 ya bei uiwekee milioni 1 pembeni, maana yake kama una milioni 80 tafuta nyumba ya 72 au chini ya hapo, usitafute ya 80. Na hela iwe sehemu ambayo ukiihitaji kesho unaipata kesho. Kama ni mkopo wa benki, nenda benki ukajue kiwango chako kabla ya kuanza kuzunguka, na ujue kabisa benki inataka hati, nyumba yenye karatasi ya serikali ya mtaa peke yake usiihesabu kwenye mkopo wa nyumba.

Pili, tafuta wakili wako. Wako wewe, sio yule ambaye dalali anakwambia huyu ndio anatufanyiaga kazi zetu. Kaa naye mapema mkubaliane bei, mwambie nikipata nyumba nitakupigia na nitataka tuanze siku hiyo hiyo. Tafuta na fundi mmoja unayemwamini wa kwenda naye saiti, na mpimaji mwenye leseni umweke namba yake kwenye simu. Hawa watatu ukiwa nao tayari, ile kazi iliyonila mimi siku tisa unaimaliza kwa tatu nne.

Tatu, jifunze bei ya mtaa na sio bei ya eneo, kwa sababu Goba ya kando ya lami na Goba ya kushuka bondeni kwa bodaboda ni dunia mbili. Tembelea nyumba kama kumi hata zile usizozipenda, ongea na waliouza, ongea na mafundi wanaojenga jirani, baada ya mwezi mmoja utakuwa ukitajiwa bei unajua palepale kama ni ya kweli au ya kukupima. Tumia madalali zaidi ya mmoja, utashangaa nyumba moja ina bei tatu.

Sasa karatasi. Hapa nisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wanapolia.

Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu kwa niaba ya wananchi, ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyosema, na wewe unachopata ni haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo ukiletewa hati angalia ilianza lini, hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, usije ukanunua kitu kilichobakiza miaka michache ukalipia bei ya 99. Chini ya hati kuna ofa, yani barua ya toleo, hiyo mtu alipewa kiwanja akaishia njiani hakumalizia hati, inanunulika lakini bei ishuke na uulize kwa nini hakumalizia. Kuna leseni ya makazi, hii ni ya miaka michache na inahuishwa. Halafu kuna ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo huku pembezoni ndio nyingi kuliko zote. Sikwambii usinunue kabisa nyumba ya karatasi, wengi wetu tumezaliwa kwenye nyumba za hivyo, ila jua unachonunua: mwenyekiti wa mtaa anaweza kukwambia nani anakaa pale na tangu lini, na hilo ni la maana sana, lakini muhuri wake haukupi umiliki uliosajiliwa. Ukinunua ya hivyo uliza kwanza kama eneo limepimwa au lipo kwenye urasimishaji, yani mpango wa kuyapima na kuyapa hati makazi yaliyojengwa kiholela, na kwenye ofisi ya mipango miji ya manispaa uangalie kama mchoro unasema pale ni makazi, usije ukakuta ni eneo la shule au soko.

Kwenye nyumba yenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, wengi tunaita sachi. Chukua namba ya hati, kiwanja, kitalu, peleka wewe au wakili wako, usimpe dalali akakuletee majibu. Majibu yatakwambia jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio mtu kaweka. Jina likitofautiana na la anayekuuzia hata kwa herufi, simama hapo uulize. Na hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa, kuna watu wana deni la miaka na miaka na wanakusubiri wewe.

Kisha peleka mpimaji saiti atafute bikoni, yani zile alama za mipaka ya kiwanja. Hili watu wanaliruka kwa sababu wanaona hati wanatulia. Hati inaweza kuwa ya kweli, nyumba ikawa ya kweli, na hiyo nyumba ikawa imejengwa kwenye kiwanja cha jirani, au ukuta umekula mita mbili za njia. Kazi ya asubuhi moja tu hiyo.

Barabara na mito usiichukulie poa. Mwaka 2017 nyumba za kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wapo waliokuwa wamekaa pale miaka. Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa, na kuna sehemu hifadhi ni pana zaidi ya hapo, Barabara ya Morogoro ni mfano. Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Kwa hiyo ukiona nyumba nzuri, bei ya chini, mto upo nyuma ya fensi na dalali anakwambia unapata upepo, nenda kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, nenda manispaa, uliza.

Na muuzaji mwenyewe? Kama ana mke au mume, mwenzi lazima aridhie kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe bila yeye kukubali. Usikubali kuambiwa mke wangu yupo kijijini hana shida, mpigie, aje, asaini. Wake wakiwa wawili wasaini wote wawili. Kama ni nyumba ya marehemu, dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na hata ukiipata kaa na warithi wote sebuleni uwasikie kwa masikio yako.

Tuje kwenye kuiangalia nyumba. Nenda mara tatu: mchana, usiku, na siku ya mvua. Kama unaweza kusubiri masika, Machi mpaka Mei, hakuna mkaguzi anayeishinda mvua ya Dar. Kama huwezi, soma ukuta. Inama uangalie fensi kwa nje, chini kabisa, utaona mstari wa tope uliokauka, pale ndipo maji yalifika. Nyumba moja Mbezi nilikuta wamepaka rangi mpya mita moja tu kuanzia chini, kuzunguka nyumba yote, juu rangi ni ile ya zamani. Nikagusa ukuta kwa kucha, rangi ikabanduka na plasta ikaja nayo, mbichi, inanuka chumvi. Dada anayeuza chapati nje akaniambia kuna mwaka maji yaliingia mpaka kwenye makochi.

Ndani angalia kona za madirisha, ufa unaotoka kwenye kona ukashuka kimshazari usiambiwe ni wa plasta tu, unaweza kuwa msingi, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi. Gonga taili kwa kisigino, ikilia wazi haijashika. Panda darini na tochi ukaangalie kenchi kama kuna mchwa. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Uliza maji ya Dawasa yanatoka siku ngapi kwa wiki, na usimuulize muuzaji, muulize jirani. Kama ni pagale, yani nyumba ambayo haijaisha, mwambie fundi akokotoe gharama ya kumaliza, kisha hiyo namba yake iongeze, maana pagale la milioni 35 linaweza kukutoka 80 kabla hujahamia.

Umeipenda, karatasi zinaonekana sawa, na kuna watu wengine wanaitaka. Hapa ndipo maandalizi yako yanalipa. Muuzaji wa kweli mara nyingi anataka uhakika kuliko nyongeza ya milioni mbili, ana ada za watoto Januari, ana mgonjwa, ana kiwanja kingine anataka kukiwahi. Omba kukaa naye mwenyewe bila dalali kuongea kwa niaba yake, mwambie hela hii hapa ipo benki, wakili wangu huyu, leo nakupa asilimia 10 kwa mkataba, upekuzi ukitoka safi namalizia ndani ya siku 14, ukitoka na doa unanirudishia yote. Akikataa hiyo sentensi ya mwisho, ondoka. Mtu mwenye nyumba safi haogopi upekuzi.

Mkataba uwe wa maandishi, mikataba ya ardhi ya mdomo sheria haiitambui, na ndani yake iandikwe nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, lakini wengi watakwambia nataka hela yangu iwe safi mkononi, na wewe bila hiyo kodi kulipwa TRA hati haihami jina. Mkikubaliana uibebe wewe basi ipunguze kwenye bei. Lipa kupitia benki kwenda akaunti yenye jina lile lile la kwenye hati, usitoe burungutu kwenye gari.

Siku ya kukabidhiwa funguo badilisha vitasa vyote, piga picha ya mita ya LUKU na uhakikishe haina deni la kodi ya majengo, maana inakatwa humo humo. Kama kuna mpangaji, aandikishwe anatoka lini kabla hujamaliza malipo. Halafu wiki hiyo hiyo fuatilia uhamisho, fomu namba 29, 30 na 35 zisainiwe zote siku mnayomaliziana akiwa mbele yako na mwenzi wake, ripoti ya mthamini iende, TRA, kisha ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi, mpaka jina lako lisomeke kwenye hati. Usiiweke kabatini ikiwa na jina la mwenye nyumba wa zamani, akifariki kesho utaanza kuwatafuta warithi wake mmoja mmoja.