Kompyuta ya Zamani Umeipata, Sasa Uanze na Mchezo Gani wa Maandishi?

Mtu akipata Commodore 64, kompyuta ya miaka ya 1980, na kuniuliza aanze na mchezo gani wa maandishi, yaani ule unaosoma maelezo na kuujibu kwa kuandika amri, simtajii Zork. Namwambia atafute Wishbringer.

Mchezo huu uliandikwa na Brian Moriarty, na kampuni ya Infocom iliutoa mwaka 1985 ikiwafikiria wanaoanza. Wewe ni karani wa posta katika mji mdogo wa Festeron, na mkubwa wako anakutuma upeleke bahasha kwenye duka la uchawi. Ukirudi, mji ule ule umekuwa wa kutisha na mabuti makubwa yanapiga doria barabarani. Utapata jiwe lenye uwezo wa kutimiza matakwa saba. Hapo ndipo ninapoupendea mchezo huu: mafumbo mengi yana njia mbili. Ukikwama, unaomba jiwe likuvushe. Ukifikiri mwenyewe, unapata alama nyingi zaidi. Anayeanza hafungiwi mlango, na mjuzi bado ana kazi ya kufanya.

Kabla ya kununua diski yoyote, angalia memori ya mashine yako. Trinity na A Mind Forever Voyaging ni kazi nzito za kampuni hiyo hiyo, lakini zinataka kilobaiti 128. Commodore 64 haiziwezi. Commodore 128 inaziweza. Angalia pia kama boksi limekamilika. Infocom walikuwa wakiweka ndani karatasi ambazo mchezo wenyewe unazihitaji. Katika Starcross ya 1982, bila ile ramani ya anga huwezi hata kukielekeza chombo chako kinakotakiwa. Ukiuziwa diski tupu, tafuta kwanza picha za karatasi hizo.

Mwenye ZX Spectrum ya kilobaiti 48, kompyuta nyingine ya zamani, na kinasa kaseti, njia yake ni nyingine. Aandike LOAD "", abonyeze kinasa, asubiri dakika kadhaa. Aanze na The Hobbit ya kampuni ya Melbourne House, ya 1982. Inaelewa sentensi nzima, si maneno mawili mawili tu, na wahusika wana hiari yao: unamsubiri Thorin aamue jambo, yeye anaketi na kuanza kuimba habari za dhahabu. Baadaye aende kwa Snowball ya kampuni ya Level 9, ya 1983, yenye vyumba zaidi ya elfu saba. Asijaribu kuvichora vyote, maana vingi vinafanana na vimepangwa kwa rangi. Akiushika mpangilio wa rangi, ameushika mchezo.

Zork I, ya 1980, ije sasa, ukiwa na daftari la hesabu la miraba na penseli. Kila chumba kiwe kisanduku, kila njia mstari, na mshale uonyeshe upande uliokwenda, kwa sababu ukienda kaskazini kisha ukarudi kusini si lazima ufike ulikotoka. Kwenye vichochoro vinavyofanana, angusha kitu kimoja katika kila chumba ili ukitambue ukirudi. Tumia vitu usivyovihitaji sana, maana kuna mwizi anayezunguka humo na kuviokota. Taa yako inaishiwa betri, kwa hiyo izime kila ukifika penye mwanga. Na andika SAVE kabla ya kila jambo la hatari, katika faili jipya, usifute la zamani: unaweza kugundua baadaye sana kwamba uliharibu kitu muhimu mwanzoni.

Amri zote ni za Kiingereza, ila msamiati wake ni mdogo. EXAMINE ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Kila nomino unayoisoma kwenye maelezo, ikague. I inakuonyesha ulichobeba, L inarudia maelezo ya chumba, Z inakupitishia muda.

Kama mashine yenyewe huna, kuna programu: VICE inaiga Commodore, Fuse inaiga Spectrum, na Frotz inaendesha michezo ya Infocom kwenye kompyuta ya kisasa. Zote ni za bure.

Ukimaliza hayo, cheza Planetfall ya Steve Meretzky, ya 1983. Utakutana na roboti anayeitwa Floyd. Usitafute majibu mtandaoni, na usisome lolote kumhusu mpaka umalize.