Namna ya Kutumia Neno "Excessive" kwa Usahihi

Katika kuhariri tafsiri zinazotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mara kwa mara ninakuta "excessive" limewekwa mahali pa "mno", na aghalabu halikai vizuri. "Mno" hubeba sifa na lawama pia, kwani mtu anaweza kuwa mkarimu mno na tukamsifu kwa hilo. "Excessive" halisifu kamwe. Anayelitamka ameshahukumu kwamba jambo limevuka mpaka.

Hatua ya kwanza: tafuta mpaka uliovukwa, hata kama haukutajwa. Mfano ulio wazi kabisa umo katika Sheria ya 12 ya mpira wa miguu, inayozipanga rafu katika ngazi tatu: uzembe, ambao hauna kadi, kucheza bila kujali hatari anayowekewa mpinzani, ambako ni kadi ya njano, na "excessive force", yaani kutumia nguvu kupita inayohitajika na/au kuhatarisha usalama wa mpinzani, ambako ni kadi nyekundu. Shuti kali lina nguvu nyingi na hakuna anayelilaumu, kwa hiyo wingi peke yake hautoshi. Ndivyo ilivyo pia katika Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanayokataza dhamana na faini zilizo "excessive", kwa maneno yaliyotokana na Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689. Faini inaweza kuwa kubwa na ikawa halali. Inayokatazwa ni ile isiyolingana hata kidogo na uzito wa kosa.

Hatua ya pili: litenganishe na "excess". Kwenye uwanja wa ndege, "excess baggage" ni kilo zilizozidi zile zilizoruhusiwa. Mizani imesema, abiria analipa, na hakuna aliyelaumiwa. Ukiandika "excessive baggage", umemwambia abiria huyo kwamba amebeba mizigo isiyo na sababu.

Hatua ya tatu: lipe nomino ya kuandamana nayo, kama katika "excessive noise" au "excessive speed". Panapofuata kivumishi, tumia "too".

Hatua ya nne: angalia kama kuna neno linalofaa zaidi. Bei na riba huitwa "exorbitant", ushawishi na ucheleweshaji huitwa "undue", na muda mrefu kupita kiasi huitwa "inordinate".

Hatua ya tano: pima ukali. "Very excessive" husikika mara chache, kwa kuwa neno lenyewe limeshavuka mpaka, lakini "a bit excessive" ni ya kawaida sana, nami naipendekeza hasa katika barua za malalamiko. Ukimwandikia fundi kwamba ankara yake ni "a bit excessive", umemwachia nafasi ya kuipunguza bila kuaibika. Ukiiita "exorbitant", umemtuhumu kwamba anakunyonya, na jibu litakalokuja litakuwa la kujitetea.