Namna ya Kuandika Habari za Wahitimu na Wanataaluma wa Chuo Kikuu

Jarida la chuo kikuu huwa na kurasa zinazosomwa na watu wengi kuliko hotuba za viongozi wake, nazo ni zile zinazoeleza nani amepandishwa cheo, nani amepata tuzo, nani amechapisha kitabu na nani ametangulia mbele ya haki. Baada ya miaka thelathini kurasa hizo hugeuka kuwa kumbukumbu, kwa kuwa mtafiti anayetaka kujua chuo kilitoa watu wa namna gani atazifungua hizo kabla ya kufungua ripoti za mwaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo, na mifano mingi imetolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu historia yake inaonyesha wazi mahali ambapo mwandishi anaweza kupotea.

Anza na uhusiano wa mtu na chuo, na uueleze kwa usahihi kabla ya kugusa mafanikio yake. Neno "mhitimu" lina maana moja tu, yaani mtu aliyemaliza masomo na kutunukiwa shahada, stashahada au cheti. Jakaya Kikwete, aliyehitimu uchumi mwaka 1975, ni mhitimu wa Dar es Salaam. John Magufuli alihitimu mara tatu: shahada ya kwanza mwaka 1988, ya uzamili mwaka 1994 na ya uzamivu katika kemia mwaka 2009. John Garang, aliyekuwa kiongozi wa ukombozi wa Sudan Kusini, alikaa Mlimani pia (ndivyo chuo hiki kinavyoitwa), lakini alikuja kwa ufadhili wa utafiti baada ya kupata shahada yake katika Chuo cha Grinnell, Marekani, mwaka 1969, na uzamivu wake aliuchukua Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, mwaka 1981. Kwake andika kwamba alisoma na kufanya utafiti hapa, usiandike kwamba alihitimu. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mwalimu wa historia Mlimani katika vipindi viwili kati ya mwaka 1966 na 1974, lakini hakuwa mwanafunzi wa hapo kamwe. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012, ni mhitimu wa sheria wa chuo na alikuwa mwalimu wake pia, ingawa uzamivu wake ni wa Konstanz, Ujerumani. Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa na chuo hicho shahada ya uzamivu ya heshima mwaka 2022, na shahada ya heshima, pamoja na uzito wake wote, haimfanyi mtu kuwa mhitimu.

Chuo chenyewe nacho kimebadilika. Kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa hiyo mwanasheria aliyemaliza mwishoni mwa miaka ya 1960 ana cheti chenye jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na hajakosea anapokitaja hivyo. Bwana shamba aliyesomea Morogoro kabla ya Chuo Kikuu cha Sokoine kuanzishwa mwaka 1984, na daktari aliyesomea Muhimbili kabla ya taasisi hiyo kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, wote wana shahada za Dar es Salaam. Naona ni haki vyuo vyote viwili vimtaje mtu wa namna hiyo, mradi kila kimoja kieleze hali ilivyokuwa na kisiandike kana kwamba kingine hakikuwapo.

Pinga kwa nguvu zote kishawishi cha kudai watu wasio wenu. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, furaha ya Watanzania ilikuwa ya haki, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Lakini uzamivu wake ni wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, alikofundisha pia hadi kustaafu. Chuo cha Tanzania kinaweza kuandika habari ya kongamano lililojadili kazi zake, na hapo kitakuwa kimesema kweli.

Baada ya uhusiano inafuata kazi ya kutafuta habari, na ugumu wake ni kwamba wanaojitangaza ndio wanaopatikana kwa urahisi. Waziri, jaji na mkurugenzi wa benki watafika kwako kupitia magazeti. Mwalimu wa fizikia aliyefufua maabara ya shule ya kata huko Sumbawanga hatakuandikia, na huenda hajui kwamba mnamhitaji. Waombe wakuu wa idara majina mawili matatu kila muhula, wasiliana na Baraza la Masajili, yaani jumuiya ya wahitimu wa chuo, na wahitimu walioko mikoani, kisha uwapigie simu wahusika wewe mwenyewe. Jarida linalojaza kurasa zake kwa teuzi za kisiasa peke yake huwafundisha wanafunzi kwamba elimu ina thamani inapoishia katika cheo tu, na hilo ni kosa kubwa kwa chuo kinachotoa walimu, wauguzi na wahandisi kila mwaka.

Unapozungumza na mhusika, omba ridhaa yake na uiweke kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inavihusu vyuo pia. Kuwa na namba ya simu ya mhitimu katika masijala si ruhusa ya kutangaza anapofanya kazi au anapoishi.

Thibitisha kila dai. Tafuta barua ya uteuzi au tangazo rasmi la mamlaka iliyoteua; fungua makala yenyewe ya kitaaluma badala ya kuridhika na orodha aliyokutumia mwandishi wake; hakikisha mwaka wa kuhitimu katika kitabu cha mahafali, na kwa wanawake waliobadili jina baada ya ndoa tafuta pia jina walilosajiliwa nalo. Shahada ya nje inapotajwa, uliza kama imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tuzo inayomtaka mshindi alipe ada ili aipokee si tuzo, na majarida yanayochapisha chochote kwa malipo hayastahili kusifiwa. Vilevile usimwite mtu "Dkt." kwa sababu ya shahada ya heshima.

Kwa wanataaluma, shika ngazi zao kama zilivyo: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Rasi (mkuu) wa ndaki, amidi (mkuu) wa shule kuu na mkuu wa idara ni nyadhifa za uongozi, nazo hazichukui nafasi ya cheo cha kitaaluma. Kigoda, yaani nafasi maalumu ya kitaaluma yenye jina la mtu anayeenziwa, ni jambo jingine tena. Msomi wa sheria Issa Shivji alipokuwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, alikuwa amekwisha kuwa profesa kwa miaka mingi.

Sasa andika, na hapa ndipo kurasa nyingi hudhoofika, kwa kuwa mwandishi hutaja sifa bila kutaja kazi. Tuseme umeletewa sentensi hii: "Dkt. Fulani amefanikisha utafiti wa kimkakati wenye tija katika sekta ya maji." Msomaji hajaambiwa kitu. Mwulize Dkt. Fulani alifanya nini, na huenda ukapata habari hii: "Dkt. Fulani, mhadhiri mwandamizi wa kemia, ameunda chujio la mkaa wa mifupa linalopunguza floraidi katika maji ya visima kandokando ya Mlima Meru, ambako madini hayo hubadilisha rangi ya meno ya watoto na yakizidi hupinda mifupa. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita." Sentensi hizo hazina sifa hata moja, lakini mkulima wa Arumeru atazielewa, na profesa wa kemia hatakuwa na la kusahihisha. Mpe mhusika asome maandishi yako kabla hayajachapwa, akague ukweli wake. Mtindo na urefu vibaki mikononi mwa mhariri.

Tanzia zinahitaji uangalifu kuliko habari nyingine zote. Usichapishe kwa kutegemea ujumbe uliosambazwa kwa simu. Pata uthibitisho wa familia na wa idara, taja miaka ya utumishi, masomo aliyofundisha na wanafunzi aliowasimamia hadi uzamivu, na usitaje chanzo cha kifo mpaka familia iridhie. Kosa likipita katika tanzia au katika habari yoyote nyingine, sahihisho lichapwe katika toleo linalofuata, kwenye ukurasa uleule na kwa maandishi ya ukubwa uleule, na nakala ya toleo lenye kosa iliyoko maktaba iambatishwe sahihisho hilo.