Makubaliano na mgonjwa wa akili hufanywa angali mzima

Hali ikishachafuka, usiku umeingia na majirani wamejaa uani, hapana tena wa kumuuliza mgonjwa anataka nini. Ndipo kamba zinapotafutwa. Kwa hivyo mazungumzo yafanywe na kuandikwe karatasi katika miezi ya utulivu, na mwenyewe awe msemaji wa kwanza.

Anzeni na dalili zake yeye. Mmoja hukosa usingizi siku 2 au 3, mwengine huacha kula na wenziwe. Ziandikwe kwa maneno yake, pamoja na jina la mtu mmoja anayemkubali aje kumwambia kuwa zimeanza. Wanaume 6 mlangoni humtisha hata aliye mzima.

Dawa zinataka muda zaidi. Wengi wanaoitwa wakaidi wameacha dawa kwa sababu ziliwaumiza: haloperidol, dawa ya kutuliza akili, huweza kukaza shingo, kugeuza macho juu, au kumfanya mtu ashindwe kukaa kitako. Hayo yana ufumbuzi: daktari hupunguza dozi, hubadilisha dawa, au kwa mkazo wa misuli huongeza benzhexol. Andikeni jina la dawa, miligramu, saa ya kumeza na kilichomdhuru. Sindano ya fluphenazine, nayo ya kutuliza akili, hubaki mwilini kwa wiki kadhaa na haiwezi kutolewa, basi akubali kwa kuelewa hilo. Anayemeza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, amuone daktari kabla ya Ramadhani, kwani maji yakipungua mwilini dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu.

Dawa isitiwe kwenye chai kwa siri. Dozi haijulikani, daktari hupotoshwa, na siku mgonjwa akigundua hukataa hata chakula cha mama yake. Imani hiyo hujengwa upya kwa miaka.

Ikiwa anataka kisomo au kombe (maji yaliyooshewa aya za Qurani), yaandikwe pia. Mpaka uwekwe wazi: hapana kufungwa mnyororo, hapana kupigwa, hapana kusimamishwa dawa.

Safari nayo ipangwe. Hospitali ya akili ya Zanzibar, Kidongo Chekundu, iko Unguja, na kwa familia ya Pemba hiyo ni safari ya boti. Chagueni kwanza kituo cha karibu cha kuanzia, nani amsindikize (mwanamke asindikizwe na mwanamke), nauli ishikwe na nani, watoto walale kwa nani.

Kumshika kwa nguvu kubaki kwa pale tu roho iko hatarini, na kwa dakika chache. Asilazwe kifudifudi, asikaliwe mgongoni wala kifuani, kwani pumzi hukatika. Kamba kwenye vifundo vya mikono huzuia damu na kuumiza neva. Mmoja aseme naye wakati wote, kwa sauti ya chini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, unaotambua kuwa mtu huyu ana kauli mbele ya sheria. Karatasi yenu si hati ya mahkama, lakini humpa daktari kauli hiyo. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa familia, moja kwenye faili la hospitali.

Aandike pia: "Nikikataa siku hiyo, nifanyiwe nini kwanza?" Pengine jibu ni kupewa saa moja na kumwita dada yake. Akishapata nafuu, aulizwe kipi kilimuumiza, na karatasi irekebishwe wiki hiyo hiyo.