Jinsi ya kutoka uwakili hadi bungeni Uholanzi, kwa kufuata nyayo za Corry Tendeloo

Wengi wanafikiri ukishakuwa wakili unaejua kuongea mahakamani basi siasa inakufuata yenyewe. Kwa Uholanzi sahau hiyo kitu. Kule huna jimbo lako la kugombea, viti vinagawanywa kwa kura za nchi nzima na wewe unaingia kupitia orodha ya chama, kwahiyo hata kama umeshinda kesi mia, chama kisipokuweka pazuri kwenye orodha unabaki na joho lako. Dada yoyote anaesoma sheria kule akiniuliza aanzie wapi huwa namtajia Corry Tendeloo, wakili wa Kiholanzi aliekuja kuwa mbunge, maana yule mama alipanda ngazi moja moja na alijua anatafuta nini.

Alizaliwa 1897 Tebing Tinggi, Sumatra, enzi hizo koloni la Waholanzi, akasoma sheria Utrecht, akawa wakili. Mwanamke wa kwanza kuwa wakili Uholanzi alikuwa Adolphine Kok mwaka 1903, yani njia ilikuwa bado mbichi kabisa.

Sasa tuanze na makaratasi. Shahada ya kwanza miaka 3, ya uzamili mwaka 1, na hakikisha unasoma sheria ya Kiholanzi yenyewe, sio zile kozi za sheria za kimataifa kwa Kiingereza zinazopendeza kwenye brosha, hizo peke yake hazikupi leseni ya kusimama mahakamani. Ukimaliza unaapishwa, alafu unakaa miaka 3 chini ya wakili mzoefu wanaemuita patroon, huku unasoma kozi ya mawakili na mitihani yake juu. Lugha ndo inaangusha watu wengi hapa, Kiholanzi cha sokoni na Kiholanzi cha hati ya mashtaka ni vitu viwili tofauti kabisa.

Katika hiyo miaka 3 usikimbilie majukwaani, lipia tu kadi ya chama uende mikutano. Ila fungua daftari. Kila mteja akikwama, sio kwa sababu kakosea ila kwa sababu sheria yenyewe imekaa vibaya, andika kifungu gani na kimemfanyia nini. Mi naona hilo daftari ndo mtaji wako wa siasa kuliko CV, maana wanasheria bungeni wapo kibao lakini anaejua kifungu kipi kinamuumiza nani ni wa kutafuta.

Baada ya hapo nenda udiwani. Tendeloo aliingia baraza la jiji la Amsterdam mwaka 1938, bungeni akaja kufika 1945, kwahiyo usione udiwani ni kazi ya kupoteza muda. Uchaguzi wa madiwani ni kila miaka 4, baraza linakuwa na watu 9 mpaka 45 kutegemea ukubwa wa mji, vikao vingi ni jioni na malipo ni posho, kwahiyo ofisi yako ya uwakili unaendelea nayo. Na kama bado huna uraia wa Uholanzi hapa mlango uko wazi: raia wa Umoja wa Ulaya anaeishi kwenye huo mji anagombea, na wa nje ya Umoja anagombea akishaishi nchini kihalali miaka 5 mfululizo. Bunge ndo linadai uraia, pamoja na umri wa miaka 18.

Ukitaka Bunge lenyewe, Tweede Kamer, lina viti 150. Uchaguzi wa 2023 kiti kimoja kilihitaji kura karibu 69,550. Ukiwa namba 40 kwenye orodha ya chama kinachopata viti 12 hesabu unaijua, ila kuna kichochoro: ukipata wewe binafsi robo ya hizo kura, yani karibu 17,400, na chama chako kimepata viti, unawaruka walio juu yako. Kwahiyo fanya kampeni ya jina lako hata ukiwa chini, wengine wanaona aibu kufanya hivo, sijui aibu ya nini. Na kama huwezi kuacha kesi zako kuna Seneti, viti 75, kazi ya muda, wanakutana zaidi Jumanne. Britta Böhler alikuwa seneta wa GroenLinks, chama cha kijani, 2007 hadi 2011 na alikuwa wakili.

Haya umeshaingia, ufanye nini? Hapa ndo mawakili wengi wanachemka, wanahutubia kama vile kuna jaji wa kumshawishi. Hamna jaji, kuna vichwa vya kuhesabu. Tangu 1924 mwanamke mtumishi wa serikali alikuwa akiolewa anaachishwa kazi. Tendeloo akaleta hoja ya kufuta hilo Septemba 1955. Bunge lilikuwa na viti 100 wakati huo, chama chake PvdA, chama cha wafanyakazi, kilikuwa na 30 tu, hata ukiongeza wakomunisti 6 unafika 36. Hoja ikapita 46 kwa 44! Piga hesabu mwenyewe, lazima kura kama kumi zilitoka kwa vyama vingine, na mtu mmoja tu angegeuka ingekuwa sare, wawili imekufa. Kwahiyo kabla hujaenda kwenye kipaza sauti, nenda kantini na orodha ya majina, weka alama nani ndiyo, nani hapana, nani hajui, na muda wako wote upeleke kwa hao wasiojua.

Na hoja ikipita usiende kulala, maana hoja sio sheria, serikali inaweza kuiweka kabatini. Ng'ang'ana na waziri mpaka muswada utoke. Kifungu kingine alichokuwa anapigana nacho kilimfanya mke ahesabiwe kama mtoto kisheria, hawezi kusaini mkataba wala kufungua akaunti ya benki bila mume kukubali. Sheria ya kukifuta ilipita 1956, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1957. Tendeloo alikuwa amefariki Oktoba, wiki kama kumi na moja kabla.